Shemeji Aliyebeba Zebaki

Mara ya kwanza kusimulia habari ile ya zebaki nje ya darasa ilikuwa ni kwa sababu hotuba yangu ilikwama. Paroko aliniomba niseme na wazazi baada ya misa ya pili, kuhusu kuwasomesha watoto sekondari, hasa wasichana. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kahawa ilikuwa imeacha kulipa, watu wengine walishaanza kuing'oa na kupanda nyanya, na mtoto aliyefaulu alitazamwa nyumbani kama mgeni aliyekuja na mizigo. Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja huku juu Marangu, kwa hiyo Paroko aliona nitafaa.

Nilikuwa nimeandika kurasa tatu. Nilipofika ukurasa wa pili nikaona watu wanazungumza wao kwa wao. Wanawake waliokaa kwenye majani karibu na ua wa masale walikuwa wanamjadili ng'ombe wa jirani aliyezaa mapacha. Wanaume walioegemea ukuta wa kanisa walikuwa wanaitazama njia inayoshuka kwa mama muuza mbege, pombe yetu ya ndizi. Paroko alinitazama kwa huruma. Nikakunja karatasi nikaitia mkobani, na kwa kuwa sikuwa na jingine la kusema, nikasema, "Ngojeni kwanza. Niwape habari ya mtu aliyemtuma shemeji yake mlimani."

Wakanyamaza. Huku kwetu ukitaja mlima, watu husikiliza, maana karibu kila nyumba ina mtu wake anayekwenda huko.

Habari hiyo niliikuta kwenye kitabu chakavu cha maktaba ya shule, kitabu cha msaada kisicho na jalada. Mwandishi aliiweka pembeni kwa herufi ndogo, ndani ya kisanduku kisichotoka kwenye mtihani. Wanafunzi walikuwa wanakiruka kisanduku hicho, na mimi nikikiruka pamoja nao, mpaka siku moja nilipokuwa nasimamia mtihani na sina la kufanya, nikakisoma.

"Palikuwa na kijana mmoja Mfaransa," nikawaambia, "zamani sana, kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Alikuwa mgonjwa, leo yuko kitandani, kesho anaamka kidogo. Lakini kichwa chake hakitulii. Alikuwa amesikia habari ya Mwitaliano aliyechukua mrija mrefu wa kioo, umezibwa upande mmoja, akaujaza zebaki. Zebaki mnaijua? Ile inayong'aa kama fedha kwenye kipimajoto cha zahanati. Basi akaujaza, akaugeuza mdomo chini ndani ya bakuli lenye zebaki nyingine. Ile ya kwenye mrija ikashuka kidogo, halafu ikasimama. Haikumwagika yote. Watu wakaulizana, ni nini kinaishikilia isimwagike?"

Nikawaeleza kwamba yule kijana alifikiri ni hewa, kwamba hewa ya nje inaikandamiza zebaki ya bakulini na kuisukuma ipande mrijani. Nikasema hewa ina presha.

Mama mmoja akashika kifua. "Hee! Hewa nayo ina presha? Basi tumekwisha."

Watu wakacheka sana, na ikabidi nitafute neno jingine. Shuleni nilikuwa nafundisha mambo haya kwa Kiingereza, na sikuwahi kujua kwamba Kiswahili changu cha fizikia ni chembamba hivyo. Nikasema hewa ina uzito. Inatubana kila upande, na hatuhisi kwa sababu tumezaliwa ndani yake, kama samaki ndani ya maji.

"Sasa yule kijana akawaza hivi," nikaendelea. "Kama hewa ina uzito kweli, basi mtu akipanda mlimani, hewa inayobaki juu ya kichwa chake itakuwa kidogo. Zebaki nayo itasimama chini zaidi. Lakini mjini kwake hakuna mlima, na yeye ni mgonjwa. Akamwandikia barua shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekaa mbali karibu na mlima. Akamwambia, nakuomba upande na mrija."

"Mashemeji ndio wa kutumwa!" mzee mmoja akasema kutoka ukutani.

"Miezi ikapita. Shemeji ana kazi zake, na mlima wenyewe una mawingu. Asubuhi moja mawingu yakafunguka. Akakusanya watu wa heshima wa mji, mapadre wakiwemo, wakasimamisha mrija wa kwanza bustanini kwa watawa. Wakaweka alama pale zebaki iliposimama. Wakamwacha mtawa mmoja auangalie mrija huo kutwa nzima. Wengine wakachukua mrija wa pili wakapanda nao."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele, miguu ameinyoosha, fimbo iko mapajani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Huyo mtawa alibaki peke yake?" akauliza.

"Peke yake, mama."

"Anaangalia nini?"

"Kama zebaki itahama."

"Ikahama?"

"Haikuhama hata kidogo."

Akatikisa kichwa, kama anayemwonea huruma mtawa.

"Na huko juu?" akauliza mwingine.

Nikainua kidole changu cha shahada. "Kule kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa urefu wa kidole hiki. Hawakuamini macho yao. Wakapima ndani ya kikanisa kidogo kilichokuwa huko. Wakapima nje kwenye upepo. Wakangoja ukungu uje, wakapima ndani ya ukungu. Kidole kilekile."

Wale wanaume wa ukutani walikuwa wamegeuka, wanautazama mlima wetu, ambao asubuhi ile ulikuwa wazi mpaka kwenye barafu. Nami nikageuka kuutazama. Kwa miaka minane nilikuwa nimefundisha jambo lile kama herufi chache na alama ya usawa, mgongo wangu ukiwa dirishani, na dirisha limejaa kilele cha Kibo.

Mchana ule, nikiwa nyumbani namenya ndizi, akaja kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini ya Moshi, alikuwa anarudi mwisho wa mwezi, na mimi niliishi na mama yake kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba. Shemeji yangu huyu nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa migomba. Alikuwa amepanda mlima zaidi ya miaka ishirini, kwanza kama mpagazi, baadaye kama mpishi wa wageni. Shule aliishia darasa la nne. Mbele yangu alizoea kukaa kimya. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba kaka yake anaona aibu kuongea na mwalimu.

"Shikamoo, shemeji," nikamwamkia.

"Marahaba." Akakaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaivaa tena. "Nataka kukuuliza kitu. Usinicheke."

"Nikucheke kwa nini?"

"Maharage hayaivi kule juu."

Nikaacha kumenya.

"Kibanda cha kwanza cha kulala wageni yanaiva kwa shida," akasema. "Cha pili, hata ukeshe unachochea, ni kokoto. Sisi huwa tunayapika huku nyumbani tunapanda nayo yameiva. Wapagazi wapya wanabishana, wanasema jiko ni bovu. Na chai. Chai ya kule inatokota kabisa, unaimimina, unainywa hapohapo. Ya huku ungeungua ulimi. Nimeona hivyo tangu ujana wangu nikadhani ni baridi. Leo uliposema habari ya yule shemeji, nikawaza, labda siyo baridi."

"Uliwahi kumweleza mtu?"

"Nimweleze nani? Ni mambo ya sufuria."

Niliyajua maelezo. Yalikuwa kwenye kitabu, kuna mchoro wake, mstari unaopanda umepinda kidogo, na nilikuwa nimeuchora ubaoni mwaka baada ya mwaka. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba mtu ninayekula naye Krismasi alikuwa amelishika jambo lile mkononi, kwa mwiko, kwa miaka ishirini.

"Siyo baridi, shemeji," nikasema. "Ni hewa. Huku chini hewa nzito inayakandamiza maji, hayachemki mpaka yapate moto mkali. Kule hewa ni kidogo. Yanachemka mapema, kabla moto haujayakolea."

"Yanachemka, na moto hayajapata?"

"Ndiyo."

Akayatazama mafiga yetu muda mrefu. "Kumbe yananidanganya," akasema.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, sikujua amefika lini. "Na wewe umeyaona?" akaniuliza.

"Nimeyasoma, mama."

"Sikuuliza kusoma."

"Sijayaona. Sijawahi kupita geti la mlima."

Hiyo ilikuwa kweli. Nimezaliwa Kirua Vunjo, nimeolewa Marangu, na nilikuwa sijawahi kuukanyaga mlima. Ulikuwa kazi ya wanaume na starehe ya wageni. Mama mkwe akatutazama, mimi na mwanawe.

"Huyu ameona na hakujua anaona nini. Wewe unajua na hujaona. Nendeni basi." Akageuka kuingia ndani, halafu akasimama. "Mimi nitakuwa yule mtawa."

Tukangoja likizo. Zebaki na mrija hatukuwa navyo, na hata tungekuwa navyo nisingethubutu, maana zebaki ni sumu. Lakini kipimajoto kingetosha. Mkuu wa shule aliniazima viwili kutoka maabara, baada ya kuniuliza mara tatu kama ni kwa ajili ya silabasi. Nilivitumbukiza vyote ndani ya sufuria moja inayochemka jikoni kwetu, nione kama vinakubaliana. Vilikubaliana: tisini na tano, unywele juu yake.

"Si ulisema maji yanachemka kwa mia?" shemeji akauliza. Alikuwa ameshaanza kuuliza maswali kama mtu mwenye kiu.

"Mia ni kule pwani. Na sisi tayari tuko mlimani."

Mama mkwe alijifunza namba kwenye elimu ya watu wazima. Nilimwonyesha namna ya kushika kipimajoto kisiguse chini ya sufuria, na namna ya kuinama macho yawe sawa na mstari. Tukapatana kwamba kwa siku zote tutakazokuwa mlimani atachemsha maji saa nne, saa saba na saa kumi, na kila mara ataandika namba kwa mkaa kwenye mlango wa jiko. Alisikiliza kwa uso mkavu kabisa. Nilipomaliza akaniuliza, "Na mvua ikinyesha?" Nikamjibu achemshe hivyohivyo. "Na mtu akifa?" akauliza tena.

Tulipanda mimi na shemeji, yeye akiwa na jiko la mafuta ya taa, sufuria na kilo moja ya maharage mabichi, mimi nikiwa na kipimajoto nilichokizungushia sweta mbili. Sitasimulia msitu wote. Nitasema tu kwamba nilishangaa jinsi shemeji alivyobadilika baada ya geti. Nyumbani alikuwa mtu wa kukaa pembeni. Kule alitembea mbele, anasalimiwa na kila anayeshuka, ananionyesha majani ya kuchotea maji, jiwe la kupumzikia, mahali pa kusikiliza mbega. "Polepole, shemeji," aliniambia kila mara. "Mlima hauna haraka."

Kibanda cha kwanza tulifika alasiri. Akawasha jiko, akatenga sufuria. Maji yalipotokota nikamwachia yeye kipimajoto. Akapiga magoti, akainama mpaka shavu likakaribia kugusa mvuke.

"Tisini na moja," akasema.

"Soma tena."

"Tisini na moja. Na yanachemka, shemeji, tazama, yanaruka."

Kesho yake tulitoka msituni tukaingia kwenye nyasi na vichaka, mahali ambapo miti inaisha kama imekatazwa. Hapo ndipo kifua changu kilipoanza kunisumbua. Mwanzoni nilitembea bila kusimama, halafu nikawa nasimama kila baada ya hatua hamsini, baadaye thelathini. Moyo ulikuwa unagonga masikioni. Nilikuwa mwanamke wa shamba, mwenye kubeba majani ya ng'ombe kichwani kila siku, na sasa nilishindwa na mkoba wenye sweta mbili. Nilikaa juu ya jiwe nikavuta pumzi, na pumzi ikaja nusu. Nikavuta tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili. Kile nilichokuwa nakifundisha kilikuwa hakipo kifuani mwangu, kimebaki chini, na mimi nilikuwa natwetea mabaki yake.

Shemeji alikaa kando akanipa maji.

Horombo, kibanda cha pili, tulifika saa tisa. Jikoni kwa wapagazi kulikuwa na wapishi wengine, wote wanamjua shemeji, na waliponiona nimechomeka kipimajoto kwenye sufuria wakaja kuzunguka.

"Huyu mama anaipima sufuria homa?" mmoja akauliza.

"Nyamaza uone," shemeji akamwambia.

Maji yakaanza kutoa mapovu madogo, kisha makubwa, kisha yakachafuka yote. Mstari wa zebaki ulipanda, ukasimama. Nikangoja upande zaidi, ingawa nilijua hautapanda. Mapovu yanaruka, mfuniko unagonga, na mstari umekaa palepale.

"Themanini na saba," nikasema, "na nusu hivi."

Nilikuwa nimeijua namba hiyo kabla hatujaondoka nyumbani. Niliikokotoa mwenyewe mezani. Hata hivyo nywele za mikono zilinisimama. Ile kwenye daftari nilikuwa nimeiandika mimi. Hii iliandikwa na mlima, na zilikuwa sawa.

Shemeji akawaeleza wenzake. Alianza na yule kijana mgonjwa wa Ufaransa, akaja kwa shemeji mwenzake, akamweka mtawa bustanini, akapanda na mrija mpaka kwenye kikanisa. Alisimulia vizuri kuliko mimi, kwa sababu alijua upepo wa mlimani unavyokuwa. Alipofika kwenye maharage, wapishi wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja na lake, wali unaobaki na kiini, viazi visivyolainika, wageni waliowalaumu. Tulitia maharage yetu jikoni wakati huohuo. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya Kibo yalikuwa bado yanalia *kaka kaka* ndani ya sufuria. Yalikula karibu mafuta yetu yote na hayakuiva.

Nikatoka nje. Mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yametanda mpaka mwisho wa macho, na kilima kimoja tu kimechomoza. Nikawaza kwamba chini ya mawingu yale kuna shule yangu, soko la Marangu, Moshi yote, mume wangu na miwa yake, na kwamba kila mmoja wao amebebeshwa kichwani hewa nzito namna ile na hakuna anayeinama. Nililia kidogo. Sikujua ni kwa ajili ya nini hasa, labda ni uchovu.

Jambo lililofuata hatukulipanga. Asubuhi, kabla ya kushuka, nilikunywa maji yaliyobaki kwenye chupa ya plastiki, zile nyembamba ambazo wageni walikuwa wameanza kuja nazo, nikaifunga kizibo nikaitupia mkobani. Tukashuka. Tulipokuwa tunaingia msituni nikasikia mkoba unalia, *pa!* Baada ya muda tena, *pa!* Nilidhani kipimajoto kimevunjika. Nikasimama nikatoa kila kitu. Kipimajoto kilikuwa salama. Chupa ndiyo ilikuwa imekunjamana, mbavu zimeingia ndani, kama imeminywa na kiganja cha mtu.

"Hizo huwa zinajikunja," shemeji akasema. "Nimeziona nyingi. Plastiki mbovu."

Nikakaa kwenye mzizi, chupa ikiwa mkononi. Ikabidi yeye akae pia.

"Niliifunga wapi?" nikamuuliza.

"Horombo."

"Ndani yake kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hewa tu."

"Hewa ya wapi?"

Hapo akaitazama. Alichukua chupa kutoka mkononi mwangu kwa vidole viwili. Niliona uso wake unavyobadilika polepole, bila mimi kuongeza neno.

"Ya Horombo," akasema. "Hewa kidogo. Na hii ya huku nje ni nyingi." Akapitisha dole gumba kwenye ule mkunjo. "Hii ya huku ndiyo imeiminya. Shemeji! Ndiyo hii hapa. Inaiminya sasa hivi, tunaona." Akageuza kiganja chake juu, akakitazama, kama anangoja kuona kitu kimekaa pale.

Aliibeba chupa mwenyewe, ndani ya shati, mpaka nyumbani.

Mama mkwe tulimkuta amekaa nje ya jiko. Hakuinuka kutupokea. Mlangoni, kwa mkaa, palikuwa na safu ya namba, na zote zilikuwa moja: 95, 95, 95, mpaka chini. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mama hakwenda jumuiya, wala hakwenda kuhani msiba uliotokea juzi yake. Alituma sukari na kusema ana kazi.

"Mwanangu, unisamehe," akaniambia. Alikuwa amejiinamia. "Nimefanya kama ulivyosema. Lakini yangu haikufanya kitu. Kila nikipima ni ileile. Labda niliikosea."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia kwamba hakukosea. Kama maji yake yangehama, tusingejua kama ni mlima uliobadilisha au ni siku zenyewe zimebadilika, mvua au jua au kipimajoto. Kwa sababu yeye alikaa na maji yake yakakaa, ndipo tunaweza kusema ni mlima. "Bila wewe, mama, sisi tulikwenda kutembea tu."

Akaniangalia kuona kama namfariji. Kisha akageuka kuutazama mlango wake, safu yote, toka juu mpaka chini, na akakaa sawasawa kwenye kigoda.

"Kwa hiyo yule mtawa," akasema, "alikuwa na kazi."

"Kubwa kama ya shemeji."

"Mbona kitabu hakikusema hivyo?"

Kitabu kilikuwa kimempa mtawa nusu ya mstari. Nikamwambia kweli sijui.

Jumapili iliyofuata Paroko alitupa nafasi tena baada ya misa. Mimi nilisema kidogo. Aliyesimama ni shemeji, amevaa koti la harusi, na mwanzoni aliongea akitazama viatu vyake. Alipofika kwenye maharage akainua macho. Alimwomba mama yake asimame aseme namba zake, naye akazisema zote, moja baada ya nyingine, tisini na tano, tisini na tano, kama anasali litania, na hakuna aliyecheka. Kisha shemeji akatoa chupa. Ikapita mkono kwa mkono, kwa wanawake, kwa wanaume wa ukutani, ikarudi mbele. Mama mkwe ndiye aliyefungua kizibo. Ikalia *fyuuu*, hewa ikaingia, na chupa ikajaa ikanyooka yenyewe mbele ya macho ya watu. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka mingi tangu hapo, lakini ukimya kama ule sijaupata tena. Yule mama wa presha aliinua mikono yote miwili hewani akaishusha polepole.

Kuanzia hapo nikawa naombwa. Mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mara mbili, nilisimulia baada ya misa, na baadaye kwenye vigango vingine pia. Nilisimulia habari ya muuza vitambaa aliyesaga kioo akaona wanyama ndani ya tone la maji. Nilisimulia habari ya daktari aliyewaomba wenzake wanawe mikono kabla ya kuzalisha, wakamwona mwendawazimu, na siku hiyo wakunga wawili waliondoka wanalia. Sikuwa na vifaa, nilikuwa na ule mkusanyiko wa visanduku vya herufi ndogo, na nilipovimaliza nilipanda gari kwenda Moshi, kwenye maktaba, nikatafuta vingine. Wazazi walisomesha watoto zaidi kwa ajili hiyo? Sijui, sikuwahi kuhesabu. Shemeji aliendelea kupika mlimani mpaka magoti yalipokataa, na wageni wake wote waliisikia habari ya zebaki, walipenda wasipende.

Mwaka mmoja, miaka ya elfu mbili ilipokuwa imeshaanza, nilikwenda kusimulia Kirua Vunjo, nyumbani kwetu. Baada ya kumaliza, mzee mmoja akanifuata. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, habari zako ni nzuri. Sasa nieleze hii. Huu mfereji wetu wa mfongo unatoka korongoni juu, unakata ubavu wa kilima mpaka mashambani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Haumwagiki, hausimami. Babu zetu waliuchimba kwa vijembe vya mti. Nani aliupima mteremko wake, na kwa kitu gani?"

Sikuwahi kujiuliza hilo. Nilikuwa nimechota maji kwenye mfereji huo tangu nina miaka mitano.

"Twende basi ukauone," akasema.

Tukaenda, yeye mbele na panga lake, mimi nyuma nimeshika viatu vya kanisani mkononi. Tulifuata maji kwenye ubavu wa kilima. Mahali pengine njia ilikuwa inashuka na maji yalionekana kabisa yanapanda, ikabidi nisimame nifunge macho nifungue tena. Tulifika kwenye banio, pale maji yanapoachana na mto. Mzee akachuchumaa, akaondoa majani yaliyoziba, akanionyesha jiwe moja lililolala chini ya maji, limelainika, limewekwa na mtu. "Hili ukiliinua upana wa kidole tu," akasema, "wa mwisho kule chini hapati maji."

Nilikunja sketi nikaingia mtoni, nikaingiza mkono nikaligusa. Maji yalikuwa ya baridi sana, yametoka kwenye msitu uleule wa mlimani. Akaanza kunieleza alivyofundishwa na baba yake, na baba yake na nani, na mimi nikakaa kwenye ukingo, nikatoa karatasi ya hotuba yangu ya siku hiyo, nikaigeuza upande wa nyuma na kuanza kuandika.